Kiswahili cha Jirani wa Chini

Neno la kwanza aliloniambia jirani wa chini lilikuwa amri. Tulikuwa na wiki mbili tu tangu tuhamie kwenye zile fleti za matofali mekundu pale St Marys, huku Australia, nami nilikuwa uani naanika shuka. Nyuma yangu sauti ya mwanamke ikasema, "Wewe! Toa hiyo nguo upesi. Mvua nakuja."

Niligeuka nikimtafuta Mwafrika mwenzangu. Nikamwona bibi wa kizungu, mfupi, ameegemea kigari chake cha kutembelea, sweta la sufu limefungwa vifungo mpaka shingoni katika lile joto la Februari. Nikadhani masikio yananidanganya. Nikamuuliza kwa Kiingereza amesema nini. Akarudia kwa Kiswahili kilekile, polepole, kama anayesema na mtu mzito wa kuelewa. Dakika kumi hazikupita, mvua ikateremka na shuka zangu zote zikalowa.

Kile kilikuwa Kiswahili cha masetla, wale walowezi wa kizungu wa Kenya ya ukoloni. Sikuwa nimewahi kukisikia kwa mwenyewe, ila kwa nyanya yangu, aliyechuma pareto katika shamba la mzungu upande wa Ol Kalou. Alipotaka kutuchekesha alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akamwiga memsahib wake: "Kuja hapa! Maneno gani hii?" Sisi wajukuu tulicheka mpaka tukagaagaa chini. Na sasa sauti ile ilikuwa inaishi chini ya sakafu yangu.

Binti yangu Njeri, aliyekuwa na miaka minne, hakuwa na habari za masetla. Alimwita Shosho wa chini, yaani nyanya kwa Kikuyu chetu, kuanzia wiki ile, naye akaitika.

Kila Alhamisi jirani wa chini alioka mikate. Yeye mwenyewe alikula kipande kimoja tu, mingine akaigawa: wa kwetu, wa Mfilipino wa namba tatu, wa mzee mmoja jirani mwenye mbwa. Akiutoa mkate kwenye oveni aliupindua, akaugonga chini kwa kidole, akauinamia kwa sikio kama daktari anayesikiliza kifua. "Bado," alisema, akaurudisha. Au, "Sasa nasema," yaani mkate umejibu, umeiva. Njeri alijifunza kusikiliza mkate kabla hajajua kusoma.

Bibi yule hakuwa mtu rahisi. Mandazi yangu aliyarudisha na sahani yake: "Mafuta mingi. Mimi hapana taka kufa leo." Alimkemea mume wangu kwa kuegesha lori karibu na dirisha lake, ingawa Baba Njeri hutoka alfajiri kwenda bandarini Port Botany na lazima lori lilale mahali. Alisema hana dini, dini ni ya watu wenye wakati. Lakini siku moja kila mwaka, mwezi wa tisa au wa kumi, hakula wala kunywa tangu jua kuzama mpaka jua kuzama, na ukimuuliza alisema tumbo linamsumbua. Aliogopa polisi hata wale wa kuongoza magari. Alijua Kijerumani, maana ndiyo lugha aliyozaliwa nayo, lakini hakikutoka kinywani mwake. Mhudumu mmoja aliyekuja kumwosha mguu aligundua jina lake linatoka wapi, akamsalimia kwa Kijerumani kwa furaha. Jirani wa chini akaurudisha mguu wake ndani ya soksi. "Huyu asirudi," aliniambia, na hakurudi.

Na yeye mwenyewe hakwenda popote. Hilo nilichelewa kulitambua, kwa sababu nilikuwa na shifti zangu katika nyumba ya wazee na sikuwa na muda wa kuchunguza mienendo ya watu. Mwisho wake ulikuwa maduka ya karibu na stesheni. Treni zilipita mbele yake kila siku naye hakupanda hata moja. Mwanawe yuko Perth, na kila Jumapili alimpigia simu akimsihi ahamie kwake, kuna chumba, kuna bustani, kuna wajukuu. Jibu lilikuwa moja.

"Kwa nini usiende, Shosho?" nilimuuliza siku moja tukinywa chai.

"Watu najua mimi iko hapa."

"Watu gani?"

Akaniangalia kama nimemuuliza jambo la aibu. Kisha, kidogo kidogo, siku ile na Alhamisi nyingine nyingi, akanisimulia habari za anwani.

Aliletwa Kenya akiwa na miaka saba, akikimbizwa kutoka Ujerumani kwa sababu ni Myahudi. Alikuja na mama yake mdogo na mume wa mama mdogo. Wazazi wake walibaki wakingoja karatasi zao, watafuata kwa meli inayofuata. Mama yake alimfunga vifungo vya koti pale gatini, akamwambia asimsumbue mama mdogo, wataonana karibuni. Basi. Hakukuwa na meli iliyofuata.

Yule mama mdogo na mumewe walifungua duka la mkate Nakuru, nyuma ya reli, na wote watatu wakalala katika vyumba viwili nyuma ya tanuri. Mama mdogo aliwaandikia wazazi anwani ile: sanduku la posta, jina la duka, jina la mji. Barua zikaja, zikapungua, zikawa vikaratasi vyenye maneno machache yaliyoruhusiwa, kisha zikakoma. Vita vikaisha. Habari zikafika za nini kilitendeka kule, na watu waliokuwa na ndugu huko wakaanza kukaa matanga. Mama mdogo hakukaa matanga. Alisema hakuna aliyemwonyesha kaburi.

Duka lilikuwa limeshamiri. Mume wa mama mdogo akapata nyumba nzuri juu, upande wa kwenda Menengai, yenye vyumba vinne na miti ya matunda. Mama mdogo akakataa kuhama. "Wakija watatafuta hapa," alisema. "Anwani waliyonayo ni hii." Miaka kumi na moja walilala katika vyumba viwili vile. Kitanda cha jirani wa chini kiliegemea ukuta wa tanuri, ukuta wa moto usiku na mchana, na alipouacha, aliniambia, hakuwahi tena kupata joto mahali popote duniani. Ndiyo maana ya lile sweta.

"Ungetaka kuhama?" nilimuuliza.

"Mimi nataka sana. Mimi iko msichana. Nataka dirisha." Akanywa chai. "Lakini namna gani mimi nasema? Nikisema twende, ni kama mimi nasema mama yangu kwisha kufa."

Huko mwanzoni, walipofika tu Kenya, vita vikaanza, na Waingereza wakawaandika maadui. Kisa, pasipoti zao ni za Kijerumani. Mume wa mama mdogo akachukuliwa akafungiwa miezi kadhaa pamoja na Wajerumani wengine, baadhi yao wale wale waliofurahia yeye kufukuzwa. Habari hii jirani wa chini aliisimulia akicheka, na kicheko chake kilikuwa kibaya kusikiliza. "Mjerumani nasema wewe hapana Mjerumani, toka. Mwingereza nasema wewe Mjerumani, ingia ndani. Hapana mahali ya kusimama."

Katika miezi ile duka liliendeshwa na watu watatu: mama mdogo asiyejua Kiswahili wala Kiingereza, mtoto wa miaka minane, na mtu aliyechoma mikate, Mkikuyu wa makamo aliyetoka upande wa Nyandarua. Jirani wa chini alimwita Mzee wa tanuri. Ndiye aliyemfundisha kusikiliza mkate. Ndiye aliyembeba mgongoni mpaka hospitali aliposhikwa na malaria, mama mdogo akikimbia nyuma akilia kwa lugha isiyoeleweka na mtu njiani. Na ndiye aliyempa Kiswahili, kizuri, cha taratibu, chenye pole na asante. Mtoto akawa ndiye anayepeleka maneno ya mama mdogo kwa Mzee na kurudisha ya Mzee kwa mama mdogo. "Mimi iko mdomo ya watu wawili," alisema, na nilisikia kwamba bado anajivunia.

"Sasa kile Kiswahili kizuri kilienda wapi?" nilimuuliza. Nilitaka utani. Yeye hakutania.

Alipotimiza miaka kumi na miwili, mume wa mama mdogo, aliyekwisha kuachiwa na sasa ana hofu ya kuonekana tofauti na wazungu wengine, alimkuta amekaa na Mzee kwenye mlango wa nyuma wakila maganda ya mkate ya moto. Akamwita ndani. Akamwambia sasa wewe ni mkubwa, watu wanatazama, na sisi hatuko hapa kwa haki yetu, tuko kwa hisani. Kuanzia kesho utasema naye kama wazungu wengine wanavyosema na wafanyakazi wao.

"Na wewe ukafanyaje?"

"Nasema kama wengine."

"Naye Mzee?"

"Siku ya kwanza naangalia mimi. Siku ya pili nasema ndiyo memsahib."

Mwaka ule mipaka ya Australia ilipofungwa kwa ugonjwa wa korona, mama yangu alilazwa hospitalini kule Nyahururu, Kenya. Niliomba ruhusa ya kusafiri mara mbili, mara mbili nikakataliwa, na hata ningekubaliwa kutoka nisingejua nitarudi lini kwa mwanangu. Nilikuwa natembea sebuleni huku na huku, simu mkononi, dada yangu akinieleza hali kwa kunong'ona. Siku mama alipofariki sikulia kwa sauti. Nilitembea tu.

Nikasikia kitu kwenye ngazi. Kishindo, kimya, kishindo, kimya. Ilichukua muda mrefu sana. Nilipofungua mlango, jirani wa chini alikuwa amefika ngazi ya mwisho, ameshika chuma kwa mikono miwili, uso umepauka. Kigari alikuwa amekiacha chini. Alikuwa na miaka karibu tisini, na sikuwa nimewahi kumwona juu.

"Naskia miguu yako," alisema.

Hakuniambia pole. Alikaa kwenye kiti cha jikoni, akapumua, kisha akauliza, "Mama yako iko na nani?"

"Dada yangu."

"Nashika mkono?"

"Alikuwa amemshika."

Akaitikia kwa kichwa. "Basi iko mtu," alisema.

Siku ya mazishi tuliyatazama kwenye simu, tumeiegemeza kwenye kopo la sukari, kwetu jioni na kule bado asubuhi. Picha ilikatika, ikarudi, ikakatika. Jeneza lilipoanza kushushwa, jirani wa chini alisimama. Alishika sinki, akabaki amesimama mpaka udongo ukajaa. Njeri naye akasimama kwa kuwa Shosho amesimama. Baada ya hapo nilimpenda yule bibi, sitaki kujifanya vinginevyo. Nilimpenda pamoja na amri zake.

Ndiyo maana kilichofuata kiliniuma vile.

Ilikuwa Alhamisi. Nilikuwa nikimsimulia habari za babu yangu, mume wa yule nyanya wa pareto, aliyechukuliwa wakati wa Hali ya Hatari, Waingereza walipowafungia Wakikuyu waliodhaniwa kula kiapo cha wapigania uhuru, akakaa kambini miaka mitano, akarudi na mguu usiokunjika. Nikauliza tu, kama unavyouliza, "Na Mzee wa tanuri, yeye aliishia wapi?"

Aliuweka mkate chini. Akavuta kiti, akakaa, akaanza kunisimulia.

Lori lilikuja dukani asubuhi. Askari waliwapanga wafanyakazi wote uani, wakachuchumaa, mikono kichwani. Afisa alikuwa kijana wa Kiingereza asiyejua Kiswahili, na mkalimani wake alikuwa kwenye ua mwingine wa barabara ileile. Akauliza ni nani hapa anayejua lugha yao. Mume wa mama mdogo akamtanguliza jirani wa chini. Alikuwa na miaka ishirini na moja. Karatasi zao za uraia wa Kiingereza zilikuwa zimetoka mwaka ule ule.

Ikafika zamu ya Mzee. Muulize kama amekula kiapo, afisa akasema. Akamuuliza. Mzee hakumtazama afisa. Alimtazama yeye, akamjibu kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili kile cha mlango wa nyuma: "Mwanangu, nilikula. Walikuja wengi nyumbani, nisingekula wangeniua. Lakini huyu usimwambie."

Afisa akauliza, amesema nini?

"Na wewe ulisema nini?" nikamuuliza jirani wa chini.

"Mimi nasema, amekula."

"Basi? Hukusema walimlazimisha?"

"Nasema amekula." Mikono yake ilikuwa imelala juu ya meza. "Wote naangalia mimi. Nafikiri, nikisema uwongo, huyu Mwingereza najua, nachukua karatasi yetu. Tunakwenda wapi? Mdomo nasema yenyewe."

Walimpandisha kwenye lori na aproni yake ya unga. Hakurudi dukani. Kama alikufa kambini au aliachiwa akaenda zake kwao, jirani wa chini hakujua, kwa sababu hakuuliza. Alikaa Nakuru miaka kumi mingine, akaolewa pale, akazaa pale, na ofisi ya kuulizia ilikuwa mtaa wa pili. Nchi ilipopata uhuru, yeye na mumewe wakapanda meli ya kuja huku. Mumewe alisema wanatafuta kazi. Yeye aliniambia alikuwa anaogopa kukutana na Mzee sokoni.

Niliinuka, nikaosha kikombe changu, nikakipangusa. Nilipofika mlangoni akaniita, "Mama Njeri, mimi nataka—"

"Nina shifti," nikamwambia. Sikuwa na shifti.

Miezi mitano sikushuka kwake. Mkate uliendelea kuja. Kila Alhamisi niliukuta kwenye ngazi ya kwanza umefungwa kwa taulo. Mimi sikuugusa. Baba Njeri aliukata akapaka siagi. "Mkate haujakosa kitu," alisema. Nilimwambia laiti angejua. Akaniambia anajua, nilimsimulia mwenyewe, na bado mkate haujakosa kitu. Njeri, ambaye sasa ni msichana mkubwa na hunijibu kwa Kiingereza hata nikimwita kwa Kiswahili, aliendelea kushuka akitoka shule. Sikumkataza. Wala sikumuuliza wanazungumza nini, ingawa nilisimama mara kadhaa karibu na dirisha nikisikiliza. Nilitaka kumchukia yule bibi vizuri, moja kwa moja, na kila nikijaribu namwona amesimama kwenye sinki langu.

Fleti yake sasa wanakaa wanafunzi wawili wa Kinepali. Namna alivyoiacha ilikuwa hivi.

Simu ilinipata kazini. Ni hospitali: jirani wa chini ameanguka bafuni, hajavunjika, lakini ameandika jina langu kama mtu wa kupigiwa, na kuna shida ya lugha. Nikasema anajua Kiingereza kuliko mimi. Wakasema tangu aletwe hajatamka hata neno moja la Kiingereza. Wamejaribu Kijerumani, akageukia ukutani. Wamesikia kitu kama Kiswahili, wakampigia mkalimani wa simu.

Nilimkuta amekaa kitandani, mdogo kuliko nilivyomwacha, uso una alama ya samawati upande mmoja. Kando yake alikuwa mama mmoja wa ustawi wa jamii, mpole, mwenye fomu nyingi kwenye mapaja.

"Mama Njeri," jirani wa chini akasema, kana kwamba tumeonana jana. "Ile mtu ya simu ni ya Mombasa. Hapana jua kitu. Nauliza mimi nasema lugha gani."

Nilitaka kucheka nikashindwa. Nikavuta kiti.

Mama wa ustawi wa jamii akanieleza kwamba wanataka kuamua kama anaweza kurudi kwake kuishi peke yake. Akaniomba nimuulize kama aliwahi kuanguka nyumbani kabla ya hapo.

Nikamuuliza.

Alitazama kalamu ya yule mama. Kisha akanitazama mimi. "Naanguka mara nne," alisema. "Moja nalala chini mpaka asubuhi. Hapana sema hiyo. Sema hapana anguka." Midomo ikatafuta kitu. "Tafadhali."

Miaka tisa, na sikuwa nimewahi kulisikia neno hilo kwake.

Mimi najua nyumba za wazee. Ndiyo kazi yangu. Najua milango isiyofunguka bila namba ya siri, na najua sauti ninayoitumia kumgeuza mtu aliyevaa koti lake na kusimama mlangoni akisema anakwenda kwao. Nikisema "hapana", atarudi kwenye fleti yake na oveni yake, na Alhamisi moja hakutakuwa na mkate kwenye ngazi, na atakayemkuta atakuwa Njeri akitoka shule. Nikisema "ndiyo", hatalala tena kwake. Yule mama alikuwa anangoja, kalamu juu, bila haraka yoyote.

"Amesema nini?" akauliza.

Nikamwambia. Mara nne, mara moja mpaka asubuhi. Nikamwambia pia kwamba ameniomba nisiseme, kwamba anaogopa kufungiwa, kwamba amesema tafadhali. Sikuacha neno. Yule mama aliandika, akaandika, akageuza ukurasa akaendelea kuandika.

Jirani wa chini alikuwa amenisikiliza muda wote. Kiingereza kilikuwa kimemtoka au alikuwa amekiweka kando, mpaka leo sijui, lakini macho yake yalifuata kila neno langu.

"Nasema yote?" akaniuliza.

"Yote, Shosho."

"Hata kwamba mimi naogopa?"

"Hata hiyo."

Alilaza kichwa kwenye mto, akatazama juu. Nilingoja anifukuze. Mkono wake ukatembea juu ya blanketi mpaka ukaupata wangu, akaushika kwa nguvu, jinsi mtu anavyoshika chuma cha ngazi.

"Basi," alisema. "Ambia yeye aulize ingine."